Elfu tatu sokoni: jinsi ya kununua mitumba utakayovaa kweli

Ni Jumapili jioni. Kabati limejaa hadi mlango haufungi vizuri, lakini ukiulizwa kesho utavaa nini kazini, jibu ni lile lile: sina nguo. Kuna blauzi uliyoinunua kwa sababu ilikuwa ya mia. Kuna jinzi uliyodhani utapungua ikutoshe. Kuna koti zuri ajabu ambalo halilingani na kitu kingine chochote ulicho nacho. Zote zilikuwa bei ya kutupa, na kwa kweli pesa zake zimetupwa.

Siku hizi soko zima linalipwa kwa simu, kwa hivyo ushahidi uko mfukoni mwako. Omba taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu iliyopita, halafu pigia mstari kila malipo uliyofanya kwa nguo na viatu. Mia moja na hamsini hapa, mia mbili pale, mia tatu siku ya mshahara. Jumlisha. Watu wengi wakifanya hesabu hii hukuta kwamba jumla ingetosha kununua viatu imara na suruali mbili nzuri. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kufanya pesa hizo zikuvishe.

Anza na kabati, si soko

Kabla ya kupanda matatu kwenda Gikomba, Toi, Kongowea au Kibuye, mwaga nguo zako zote kitandani. Zigawe mafungu matatu: unazovaa kila wiki, zinazohitaji fundi tu, na ambazo hujazigusa tangu mwaka jana. Fungu la pili ndilo akiba yako. Zipu mpya au pindo lililokatwa ni nafuu kuliko suruali nyingine.

Sasa hesabu wiki yako inahitaji nini. Mtu anayefanya kazi siku tano dukani au ofisini anaweza kuvaa vizuri kwa nguo chache sana zinazokubaliana: suruali au sketi mbili za rangi tulivu kama nyeusi, buluu nzito au kaki, mashati au blauzi tatu, sweta moja ya asubuhi za baridi, na jozi moja ya viatu. Suruali mbili mara mashati matatu ni mavazi sita tofauti, nayo wiki ya kazi ina siku tano. Sharti ni moja: kila shati likubaliane na kila suruali. Ndiyo maana nguo ya chini ni afadhali iwe ya rangi moja, na maua au mistari uiache kwa shati.

Soksi na nguo za ndani nunua mpya.

Gawa pesa kabla hujaziona nguo

Tuseme una shilingi elfu tatu na kabati lako halina kitu cha kazi. Bei hutofautiana kutoka soko moja hadi jingine, kwa hivyo chukua hizi kama mfano wa kugawa tu:

- Viatu: 1,000
- Suruali au sketi mbili, 350 kila moja: 700
- Mashati matatu, 200 kila moja: 600
- Sweta: 300
- Fundi: 200
- Nauli: 100
- Akiba: 100

Utaona viatu vimechukua thuluthi ya pesa. Si makosa. Angalia nguo kwa idadi ya siku utakazoivaa. Viatu vya 1,500 ukivivaa siku 150 vimekugharimu shilingi kumi kwa siku. Blauzi ya 150 uliyovaa mara mbili ikakuchosha imekugharimu 75 kila mara. Blauzi ndiyo iliyokuwa ghali.

Njia moja ya kujilinda: pesa za nguo zibaki peke yake kwenye simu, na pesa za kodi na chakula uzihamishie kwenye akiba kabla hujaondoka nyumbani. Wala usinunue nguo kwa mkopo wa simu kwa sababu tu umeona kitu kizuri. Mkopo una ada, na nguo ya mia tatu iliyolipwa kwa deni si ya mia tatu tena.

Kwa nini bei ziko vile zilivyo

Mtumba maana yake ni robota, mzigo uliofungwa. Nguo hizi huingia kupitia bandari ya Mombasa zikiwa zimebanwa kwenye marobota, mengi yakiwa ya kilo 45. Mfanyabiashara hununua robota likiwa limefungwa, bila kuona kilicho ndani. Analijua aina yake tu: mashati ya wanaume, sweta, nguo za watoto. Akilifungua ndipo anapojua kama amebahatika au amepigwa.

Zile nguo safi zaidi, zinazochaguliwa kwanza, ndizo wanaziita kamera. Zinazobaki mwisho, zile za kumwagwa kwenye turubai na kuuzwa kwa bei moja, ni fagia. Ukimwona mama anakataa kushusha bei ya shati moja zuri, kumbuka kwamba shati hilo linabeba gharama ya mengine kumi ambayo hayatapata mtu. Na biashara yenyewe haina uhakika. Mwaka 2020, kuanzia Machi hadi Agosti, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, na wengi waliokuwa wakiitegemea walibaki na vibanda vitupu.

Kwako wewe mnunuzi, hii ina maana mbili. Ukitaka kamera, muulize muuzaji anafungua robota siku gani na ufike asubuhi na mapema, lakini ujue utalipa zaidi. Ukitaka bei ya chini, njoo jioni anapofunga, ukijua wengine wameshachagua. Kwa viatu na suruali, tunakushauri uende asubuhi. Tisheti za kulalia na nguo za kazi za nyumbani zinaweza kungoja jioni.

Dakika mbili za ukaguzi

Usinunue kitu kabla ya kukitoa kwenye rundo na kusogea kwenye mwanga.

Anza na kwapa na kola. Hapo ndipo jasho hukaa, na doa la manjano lililozeeka mara nyingi halitoki. Inua nguo dhidi ya jua: matundu madogo na sehemu zilizokonda zitajionyesha, hasa kwenye magoti, makalio na katikati ya mapaja. Funga na ufungue zipu hadi mwisho mara mbili. Hesabu vifungo. Vuta mpira wa kiuno. Ukisikia unalia kama kitu kikavu kinachokatika, umekufa. Nusa. Harufu ya robota hutoka kwa kufua na kuanika juani, lakini harufu nzito ya ukungu ina ukaidi.

Soma lebo ya ndani kama bado ipo. Pamba hupitisha hewa na huvumilia pasi; poliesta haikunjamani sana lakini katika joto la Mombasa au Kisumu itakuchemsha. Sufu ni nzuri kwa baridi ya Limuru, ila ukiifua kwa maji moto itarudi kuwa ya mtoto.

Viatu vina mtego wake. Kiatu kinaweza kung'aa kama kipya ilhali kimekaa ghalani miaka mingi na soli imezeeka. Kikunje, bonyeza soli kwa kidole gumba, angalia mahali soli inapokutana na ngozi. Soli ikipasuka nyufa ndogo au ikimomonyoka kama mkate mkavu, rudisha. Gundi na rangi ya kiatu huficha mengi, kwa hivyo viatu vyote viwili vipite mkononi mwako, si kimoja.

Saizi: usiamini lebo

Nguo za Marekani, Uingereza na Ulaya haziandikwi saizi sawa. Rinda la 8 la Marekani linakaribia 12 la Uingereza na 40 la Ulaya. Kiatu cha 8 cha Uingereza ni kama 42 ya Ulaya. Jinzi zikiandikwa 32 kwa 30, ya kwanza ni kiuno na ya pili ni urefu wa mguu kwa ndani, zote kwa inchi. Isitoshe, nguo iliyofuliwa mara nyingi huenda imerudi au imelegea.

Wengi hupima suruali kwa kuzungusha kiuno chake shingoni: miisho miwili ikikutana nyuma, inatosha. Ni kipimo cha haraka, lakini hakijui lolote kuhusu nyonga na mapaja. Njia bora ni hii. Nyumbani, chukua suruali inayokukaa vizuri kuliko zote, ilaze chini, upime kwa tepu ya fundi: upana wa kiuno, upana wa nyonga, urefu wa mguu. Fanya hivyo kwa shati pia, bega kwa bega. Andika vipimo kwenye simu yako, na tepu uibebe mfukoni.

Na kwa kuwa soko halina chumba cha kubadilishia, vaa taiti au bukta na fulana ya kubana ndani, ili uweze kujaribu nguo hapo hapo. Kumbuka fundi anaweza kupunguza kwa urahisi. Kuongeza ni kazi nyingine, na mabega ya koti usiyaguse kabisa. Yakiwa makubwa, liache.

Kuelewana bei

Ukipata muuzaji mwenye nguo safi, chukua kwake zaidi ya moja. Hapo una nguvu.

"Mama, hii suruali ni ngapi?"

"Mia nne hamsini, kastoma wangu. Na hilo shati ni mia mbili hamsini."

"Nachukua zote mbili. Nikupe mia tano?"

"Aki utaniua! Leta mia tano hamsini nikufungie."

Zote wawili mmepata. Ukiona kasoro, itaje kwa upole: kifungo kinachokosekana ni sababu halali ya kupunguziwa, ila usiitukane nguo ya mtu. Utarudi kwake mwezi ujao, na kastoma anayejulikana huwekewa kamera kando.

Kulipa bila kujuta

Kelele za soko, mkoba begani, mtu nyuma yako akisukuma. Hapo ndipo tarakimu moja hukosewa. Fanya hivi:

- Uliza kwanza unalipa vipi. Ukilipa kwa nambari ya tili, kwa kawaida wewe mnunuzi hukatwi ada. Ukituma kwa nambari ya simu ya mtu, kuna ada ya kutuma kulingana na kiasi, na muuzaji huenda akasema "tuma na ya kutoa". Hiyo ni sehemu ya bei, kwa hivyo mwelewane kabla ya kufungiwa mzigo.
- Soma jina linalotokea kwenye skrini na umuulize muuzaji kama ndilo. Tili nyingi zina jina la biashara au la mtu mwingine wa familia, kwa hivyo jina geni si lazima liwe wizi, lakini usiendelee kabla hajalithibitisha.
- Funika simu unapoweka PIN. Usimpe muuzaji simu "akusaidie".
- Ukikosea nambari, usingoje ufike nyumbani. Omba kurudishiwa muamala papo hapo, ukiwa na ujumbe wa malipo mkononi. Pesa zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirudisha kunakuwa kugumu.
- Nguo za mtandaoni zina hatari yake. Picha nzuri na "lipa kwanza ndio nitume" kutoka kwa mtu usiyemjua ni njia ya kawaida ya kuibiwa. Kama mko mji mmoja, kutaneni mahali penye watu, uikague nguo, kisha ulipe.

Na wewe unayeuza, usiachilie mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe hughushiwa. Angalia salio lako au ujumbe ulioingia kwenye simu yako mwenyewe. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika kungoja nusu dakika.

Ukifika nyumbani

Fua kila kitu kabla ya kuvaa, nguo nyeusi na nyekundu peke yake mara ya kwanza. Za pamba zivumilie maji moto, anika juani, piga pasi hasa kwenye mishono. Zinazohitaji fundi zipeleke wiki hiyo hiyo. Nguo ya "nitaipeleka siku moja" hurudi kwenye fungu la tatu.

Kisha, ukiweka kitu kimoja kabatini, toa kimoja. Mpe mdogo wako, mpelekee jirani, au uiuze.

Baada ya miezi mitatu, omba tena ile taarifa ya miamala na uilinganishe na ya kwanza. Kama malipo madogo madogo yamepungua na Jumatatu asubuhi unavaa bila kuhangaika, endelea hivyo hivyo. Na kama kawaida: hakuna mtu wa kwetu atakayekupigia kukuuliza PIN yako. Akipiga, kata.