Fahamu: Wimbo wa msanii huru unavyoingia kwenye tangazo la televisheni

Mlango ni leseni: ruhusa ya kulipia ili wimbo uambatanishwe na picha katika tangazo, filamu, tamthilia au mchezo wa video.

Haki mbili

Mwenye tangazo hulipia utunzi, kisha hulipia rekodi yenyewe. Kwa msanii wa lebo kubwa, haki hizo huwa mikononi mwa watu tofauti, na kila mmoja ana bei yake. Msanii huru anayemiliki zote husaini mwenyewe, haraka, na mara nyingi kwa bei nafuu.

Nick Drake na Volkswagen

Tangazo moja linaweza kumfufua msanii aliyesahaulika. Mwimbaji Mwingereza Nick Drake alifariki 1974, albamu zake zikiwa zimeuzwa kidogo mno. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Volkswagen ilitumia wimbo wake "Pink Moon" katika tangazo nchini Marekani, na mauzo ya albamu zake yakapanda ghafla. Mwimbaji Feist wa Kanada alipata bahati kama hiyo 2007 kupitia tangazo la iPod. Yeye angalau alikuwa hai kuifaidi.

Wanaokataa

Baadhi huona ni kuuza utu wa wimbo. Mwimbaji Tom Waits hakubali kabisa: aliishtaki kampuni ya Frito-Lay kwa kutumia mwigaji wa sauti yake kutangaza vitafunio, akashinda.