Mashanta ya jeshi kwa wawindaji: Bei iko kwenye fremu

Na Mwandishi Wetu

SHANTA jipya la kubebea nyama ya porini, lililotengenezwa na kampuni za vifaa vya uwindaji nchini Marekani, huuzwa kwa mamia ya dola. Wakati huo huo, katika maduka ya bidhaa za ziada za jeshi nchini humo, lipo shanta lililobuniwa kwa ajili ya askari wa miguu na kupitishwa rasmi mwaka 1973, ambalo mwindaji huweza kulipata kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Kwa mtazamo wa haraka haraka hiyo ni biashara isiyo na mjadala. Mnunuzi anaokoa fedha, muuzaji anapata faida, na jeshi linaondokana na mzigo ghalani. Hata hivyo, wapo wanunuzi wanaorudi kutoka msituni na mabega yaliyochubuka, na wapo wauzaji walionunua mzigo mnadani wakabaki na marundo ya nailoni isiyo na mteja. Tofauti kati ya faida na hasara katika bidhaa hii mara nyingi iko kwenye kitu kimoja: fremu.

Somo lake linamhusu hata mfanyabiashara wa hapa kwetu ambaye hajawahi kushika bunduki. Anayenunua beli la mitumba bila kulifungua na anayenunua mashanta ya jeshi mnadani wanacheza mchezo ule ule.

BIDHAA ISIYO NA KIWANDA

Bidhaa za kawaida hufuata mahitaji ya soko. Wateja wakiongezeka, kiwanda kinaongeza zamu, na bei hurudi chini baada ya muda. Bidhaa za ziada za jeshi hazifuati utaratibu huo. Hata wawindaji wote wa Marekani wakiyataka mashanta haya kwa wakati mmoja, hakuna kiwanda kitakachopokea oda. Mzigo huingia sokoni jeshi linapoamua kubadili vifaa vyake, na hukoma linapomaliza.

Historia inathibitisha hilo. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuuza mali za ziada za serikali. Baada ya vita, maduka ya bidhaa za jeshi yalistawi katika miji mingi, na wawindaji walijipatia mahema, makoti, vyombo vya kupikia na mbao za kubebea mzigo mgongoni, ambazo mtu angeweza kufungia paja zima la mnyama kwa kamba.

Mwaka 1973 likaja shanta linalojulikana kwa jina la ALICE, likiwa sehemu ya vifaa vipya vyepesi vya kubebea mzigo wa askari. Lilishonwa kwa nailoni na fremu yake ni ya mabomba ya alumini. Lipo la ukubwa wa kati, lenye mifuko mitatu kwa nje, ambalo jeshi lililikadiria kubeba kilo 23 hivi. Lipo pia kubwa, lenye mifuko mitatu chini na mingine mitatu midogo juu yake, lililokadiriwa kubeba kilo 32 hivi. La kati linaweza kubebwa bila fremu. Kubwa halifai kitu bila fremu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi hilo lilianza kuingiza mfumo mpya uitwao MOLLE. Fremu zake za kwanza zilikuwa za plastiki, na askari walilalamika kwamba zinavunjika, hata ikabidi ziboreshwe. Malalamiko hayo yaliongeza heshima ya fremu ya alumini kwa wawindaji, wakati ule ule ambapo mashanta ya zamani yalikuwa yakitolewa maghalani kwa wingi. Aliyenunua wakati wa wingi alinunua kwa bei ya chee. Leo mzigo ule haujazwi tena, na kila fremu inayovunjika ni pungufu la kudumu sokoni.

KILO 90 MILIMANI

Ili kuelewa kwa nini fremu ndiyo mali, lazima kwanza kuelewa kazi inayofanywa. Katika Milima ya Rocky, wawindaji wengi huenda kumtafuta elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Dume lililokomaa huweza kutoa karibu kilo 90 za nyama baada ya kuondolewa mifupa. Gari mara nyingi haliwezi kufika alipoanguka, na si kila mwindaji ana farasi au nyumbu wa kukodi.

Tumchukue mwindaji aliye peke yake, kilomita 5 kutoka barabarani, mwenye shanta kubwa la jeshi. Akibeba kilo 30 kila safari, itamlazimu kutoka na mzigo mara tatu na kurudi mikono mitupu mara mbili. Hizo ni kilomita 25 za kupanda na kushuka, kilomita 15 kati yake akiwa na mzigo mgongoni. Kwa safari kama hiyo uzuri wa mifuko hausaidii. Kinachosaidia ni fremu kuuhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kiunoni, na kuutenga mgongo ili hewa ipite.

Hapo ndipo shanta la jeshi linapopata sifa yake kubwa. Mfuko wake unaweza kuvuliwa, na fremu ikafungwa rafu ndogo ambayo jeshi liliitengeneza kwa kubebea vitu kama redio na madebe. Mwindaji huketisha nyama kwenye rafu hiyo, akaikaza kwa mikanda, na shanta la kulalia msituni likawa chombo cha uchukuzi.

Kasoro nazo zipo. Fremu ni fupi kwa mtu mrefu, kwa kuwa ilibuniwa ikae juu ya mkanda wa vifaa vya askari. Mkanda wake wa kiunoni ni mwembamba, na pedi ya mgongoni huchubua. Likiwa tupu, pamoja na fremu, shanta hili lina uzito wa karibu kilo 3. Wawindaji wengi hubadili mikanda ya mabegani na kiunoni kwa kuweka ile minene ya mfumo wa MOLLE. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya kununulia, na anayeisahau hajapiga hesabu.

Ipo pia hatari isiyo ya fedha. Majimbo mengi ya Marekani huwataka wawindaji wa bunduki kuvaa rangi ya machungwa inayong'aa ili wasipigane risasi kwa makosa. Colorado, kwa mfano, hutaka inchi 500 za mraba za rangi hiyo, au ya waridi inayong'aa, juu ya kiuno, pamoja na kofia. Shanta la kijani kibichi likishapandishwa mgongoni hufunika kizibao chote upande wa nyuma. Dawa yake ni kitambaa cha rangi hiyo juu ya shanta. Ni kitu cha bei ndogo, na muuzaji mwerevu hukitundika pale pale dukani karibu na mashanta.

HESABU YA MNADANI

Mali za ziada za jeshi la Marekani husimamiwa na idara maalumu ya shirika la ugavi la jeshi hilo. Kwanza hutolewa kwa vikosi vingine vinavyozihitaji, kisha kwa idara za serikali kuu na za majimbo, na ndipo kinachobaki na kinachoruhusiwa huuzwa kwa umma kwa mnada. Kwa maneno mengine, mfanyabiashara yuko mwisho wa foleni, na mzigo anaouona umekwisha kuchaguliwa na wengine.

Tupige hesabu ya mfano, isiyo bei ya soko la leo. Mfanyabiashara ananunua mashanta 100 kwa dola 20 kila moja, jumla dola 2,000. Usafiri ni dola 400, kufua na pango la duka dola 600. Ametumia dola 3,000.

Akifungua mzigo akakuta 60 yamekamilika na fremu nzima, 25 yana pungufu na 15 ni ya kukata vipuri, anaweza kuuza ya kwanza kwa dola 60, ya pili kwa dola 25 na ya tatu kwa dola 8. Mapato ni dola 4,345, na faida yake ni dola 1,345.

Sasa mzigo ule ule, bei ile ile, lakini fremu 25 zina nyufa. Yaliyokamilika yanashuka hadi 35, yenye pungufu yanakuwa 45 na ya vipuri 20. Mapato ni dola 3,385 na faida ni dola 385. Nailoni ni ile ile, mifuko ni ile ile. Fremu 25 zimekula dola 960, ambazo ni zaidi ya theluthi mbili ya faida.

Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hanunui kwa picha ya rundo. Huomba kuona mabomba ya chini ya fremu na kila mahali penye riveti, kwa kuwa ndipo nyufa huanzia. Huingiza mkono ndani ya mfuko kuangalia kama mpako wa kuzuia maji unabanduka au unanata, dalili ya uzee ambayo kufua hakuiondoi. Huvuta kila bizimu na kuhesabu mikanda.

Kisha husoma lebo. Shanta halisi la jeshi la Marekani hubeba namba ya ugavi inayoanza na 8465, ambayo ni fungu la vifaa vya askari binafsi, pamoja na namba ya mkataba. Mkataba unaoanza na DSA ni wa kabla au karibu na mwaka 1977, kwa kuwa mwaka huo shirika hilo lilibadili jina na kuwa DLA. Tarakimu mbili zinazofuata baada ya kistari huonyesha mwaka wa fedha; hivyo DLA100-84 ni mkataba wa 1984. Shanta lisilo na namba yoyote huenda ni nakala iliyoshonwa kwa ajili ya maduka. Nakala si lazima iwe mbovu, lakini kuilipia bei ya halisi ni hasara.

Ulaya nako kuna soko la namna hii. Jeshi la Sweden lilitoa shanta la LK35, la lita 35, lenye fremu ya chuma na mfuko wa turubai. Wawindaji hulipenda kwa sababu turubai halitoi sauti likigusana na matawi, tofauti na nailoni. Lakini turubai hunywa damu na maji, na likilowa huwa zito. Kila kitambaa kina mteja wake, na muuzaji anayejua hilo hatoi sifa moja kwa bidhaa zote.

TAHADHARI KWA WA KWETU

Je, mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa aagize kontena? Jibu letu ni hapana, kwa sababu mbili.

Kwanza, soko ni dogo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, lakini mteja wake kwa kawaida huwa na gari, kambi na wasaidizi. Haihitaji fremu ya kutoa nyama kilomita tano kwa miguu.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, sheria. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Mzigo wa rangi za kijeshi unaweza kuishia mikononi mwa vyombo vya dola pamoja na mtaji wote wa mwenye mali, na bandarini si mahali pa kuanza kuuliza kama unaruhusiwa. Aliye na mpango huo aulize kwa maandishi kabla ya kulipa hata senti moja.

Kinachoweza kuagizwa bila ushuru ni ile kanuni yenyewe. Katika mali yoyote iliyokwisha kutumika, tafuta kwanza kile kipande kimoja kinachobeba bei yote. Katika shanta la jeshi ni fremu. Katika baiskeli, jokofu au cherehani ya mtumba kipo cha namna hiyo pia. Asiyekijua kabla ya kulipa atakijua akishafungua mzigo, na wakati huo aliyemuuzia atakuwa amekwisha kuhesabu fedha zake.