Je, Wajua? Ofisi Ilipanda Usambara Kabla ya Kompyuta

Je, wajua kwamba mkazi wa Dar es Salaam anayepanda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na kompyuta yake, akafanye kazi kwenye ubaridi, anafuata desturi yenye zaidi ya miaka 100? Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, na maofisa wao walikimbilia huko joto la pwani lilipowazidi. Iliwahi hata kufikiriwa kuufanya makao makuu ya koloni. Waingereza huko India hawakuishia kufikiri: kuanzia 1864 serikali yao ilihama kila msimu wa joto, kutoka Calcutta hadi mji wa milimani wa Simla, pamoja na makarani na mafaili yake. Bosi alipata upepo mwanana. Mapagazi walipata mzigo.

Je, wajua kwamba Shume, juu zaidi ya Lushoto, iliunganishwa na dunia kwa waya tangu enzi za Wajerumani? Si waya wa simu. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikipasua mbao za mtarakwa katika msitu wa Shume, na tatizo lilikuwa namna ya kuzishusha kwenye genge la kutisha la milima hiyo. Wahandisi wa Bleichert, kutoka Leipzig, wakajenga njia ya waya ya takribani kilomita 9, ikining'iniza mbao juu ya mabonde hadi Mkumbara, kwenye reli ya Usambara. Na mtarakwa ni mti uliotumika kutengenezea penseli. Kwa hiyo msitu huu ulikuwa na uhusiano na meza za ofisini zamani sana.

Je, wajua saa za Shume zinamfaa nani? Mwajiri akiwa Berlin, tofauti ni saa moja au mbili tu, kutegemea majira yao. Akiwa New York, kikao cha saa tatu asubuhi kwao ni saa kumi au saa kumi na moja jioni Shume. Akiwa San Francisco, hapo ni saa moja au mbili usiku, na mwezi wa saba usiku wa Shume unataka sweta nzito. Hilo matangazo ya utalii hulipita kimyakimya.

Mataifa nayo yameshanusa fedha za wageni wanaofanya kazi kwa mbali namna hii. Mauritius ilianzisha viza yao mwaka 2020, Namibia ikafuata 2022, na Oktoba 2024 Kenya ikatangaza kibali chake. Yote yanamtaka mtu anayelipwa nje na kutumia ndani.

Lakini ukiniuliza mimi, anayefanya kazi kwa mbali kwa ustadi kuliko wote milimani humo si mgeni wa kompyuta. Ni mkulima wa kabichi na viazi. Zamani, kujua bei ya Dar es Salaam kulitaka nauli, au kumwamini dalali kwa neno lake. Leo anapiga simu sokoni akiwa shambani, anapiga ya pili kuhakikisha hadanganywi, ndipo anakubali kuvuna. Tangu M-Pesa ifike Tanzania mwaka 2008, malipo ya awali yanaweza kuingia kwenye simu yake lori likiwa bado linakata kona za Soni, halijafika hata Mombo.