Moshi wa Kisu cha Umeme (Sehemu ya Pili): Je, Virusi Husafiri Nao?

Wiki iliyopita tuliona jinsi kisu cha umeme, ambacho watu wa thieta hukiita dayathemi, kinavyochemsha maji yaliyomo ndani ya seli hadi zikapasuka, huku kikiziba mishipa midogo ya damu. Tuligusia pia kemikali za moshi wake, zikiwemo benzini na fomaldehidi. Leo tuliangalie swali zito zaidi: mgonjwa akiwa na virusi, je, anayevuta moshi huo anaweza kuambukizwa?

Takriban asilimia 95 ya moshi huo ni mvuke wa maji. Kilichobaki ni kemikali na vipande vya seli, na chembe zitokazo kwenye dayathemi ni ndogo mno, wastani wa mikroni 0.07. Barakoa ya kawaida ya upasuaji huzuia matone ya mate yasimwangukie mgonjwa. Chembe hizi hupenya kitambaa chake, na nyingine huingia kupitia nafasi iliyo kando ya mashavu.

Ushahidi ulio imara zaidi, ingawa mwingi ni wa moshi wa leza, unahusu HPV, virusi vinavyoleta masundosundo na saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walikuta DNA ya virusi hivyo katika moshi wa leza iliyotumika kuchoma chunjua. Lakini DNA inaweza kuwa mabaki tu ya virusi vilivyokwisha kufa. Jibu lilipatikana mwaka 2002: moshi wa leza iliyochoma vivimbe vya ng'ombe vyenye virusi vya papiloma ulikusanywa, ukapandikizwa kwenye ngozi ya ndama, nao wakaota vivimbe vile vile. Basi virusi vilitoka motoni vikiwa hai. Tukumbuke hata hivyo kwamba ndama hao walipandikizwa, hawakuvuta moshi.

Kwa binadamu tuna visa vichache, lakini vinatisha. Mwaka 1991 iliripotiwa habari ya daktari wa Norway, mwenye umri wa miaka 44, aliyeota vivimbe vya papiloma kwenye nyuzi za sauti. Ndani yavyo zilikutwa HPV aina ya 6 na 11, zile zile ziletazo masundosundo, na yeye alikuwa amewatibu kwa leza wagonjwa wa masundosundo. Mwaka 2003 ikaja taarifa kutoka Ujerumani ya muuguzi wa thieta ya magonjwa ya wanawake aliyepata ugonjwa huo huo. Wataalamu waliupima ushahidi, na ukatambuliwa kuwa ugonjwa uliotokana na kazi.

Virusi vya homa ya ini aina ya B navyo vimekutwa katika moshi wa upasuaji wa matundu. Kuhusu VVU, chembechembe za urithi wake zimewahi kuonekana kwenye moshi wa leza, lakini hakuna aliyethibitika kuambukizwa kwa njia hiyo. Mhudumu anayehofia VVU aelekeze tahadhari yake kwenye sindano na visu.

Kwetu Afrika Mashariki, mahali pa kuangaliwa kwanza ni kile chumba kidogo cha kliniki ambamo vidonda vya awali vya mlango wa kizazi huondolewa kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Tishu inayochomwa ndiyo yenye HPV, uso wa daktari uko karibu, na muuguzi amesimama ubavuni. Kliniki haina mitambo ya kubadilisha hewa kama thieta kubwa. Hapo mashine ya kuvuta moshi ni ya lazima, na mdomo wa bomba lake ukae ndani ya sentimita 5 kutoka kitanzi kinapokata. Chujio libadilishwe kwa wakati, na lililotumika lishikwe kwa glavu kama taka yenye maambukizi. Barakoa ya N95 ni nyongeza nzuri, lakini haichukui nafasi ya mashine.

Ipo pia chanjo ya HPV. Tanzania iliianza kitaifa mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, ikilenga wasichana. Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa mlango wa kizazi cha Marekani, ASCCP, kilipendekeza wapewe pia wahudumu wanaokutana na virusi hivi kazini mara kwa mara. Naona wauguzi wetu wa kliniki hizo wanastahili kuipata, na waajiri wao waigharimie.

Wiki ijayo tutazungumzia sheria, tukianza na jimbo la Rhode Island, la kwanza nchini Marekani kuzilazimisha hospitali kuuondoa moshi huu.