Saa ya Seva Hairudishwi kwa Pupa

Usiku wa kuamkia Januari 5, 1930, saa za Kenya zilirudishwa nyuma kwa dakika 30. Koloni lilikuwa limejaribu kwa mwaka mmoja na nusu kutumia saa iliyo mbele ya Greenwich kwa saa tatu kamili, kisha likaghairi. Nusu saa ya mwisho kabla ya saa sita usiku ikapita mara mbili. Askari wa zamu katika boma la Meru au la Embu ambaye angeandika daftarini kwamba mgeni ameingia saa sita kasorobo, angeacha fumbo: kasorobo ya kwanza au ya pili? Saa zilisogezwa tena mwisho wa 1936, na mara ya mwisho Agosti 1, 1942. Tangu hapo hazijaguswa, na hakuna sababu ya kuzigusa. Kwa watu wanaoishi kwenye Ikweta, mchana wa Januari na wa Julai karibu ulingane.

Zinazoguswa ni saa za seva.

Mkulima wa Imenti Kusini anapofikisha majani chai yake kwenye kituo cha kununulia, au mwenzake wa Runyenjes anapofanya vivyo hivyo, kilo zake husomwa na mizani ya kielektroniki na kuingizwa kwenye hesabu pamoja na tarehe na saa. Viwanda kama Githongo na Kionyo upande wa Meru, Mungania na Rukuriri upande wa Embu, huwalipa wakulima kila mwezi na bonasi kila mwaka kwa hesabu za aina hiyo. Sacco nazo zina hifadhidata zao, na hospitali zina zao. Kote huko, saa ni sehemu ya ushahidi wa nani alitangulia na nani alifuata.

Saa hiyo huharibikaje? Mara nyingi chanzo ni stima. Seva ina betri ndogo ya duara inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Betri ikichoka, umeme ukipotea kama ulivyopotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, mashine huamka ikidhani ni mwaka uliopita zamani. Fundi huisahihisha kwa mkono, akiwa na haraka, na hapo ndipo kosa la pili huingia: anaandika saa ya Meru mahali ambapo mfumo unangoja saa ya kimataifa, nao unaongeza saa tatu zake. Seva sasa iko mbele kwa saa tatu. Ntpd, programu ya kulinganisha saa kupitia mtandao, haisaidii sana hapa. Kwa kawaida ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, hujizima yenyewe na kumwachia binadamu mzigo.

Tuseme karani ameingiza kilo 81 badala ya 18, saa nne asubuhi. Seva imeandika saa saba mchana. Muda mfupi baadaye fundi anagundua hitilafu na kuirudisha saa papo hapo, watu wakiendelea na kazi. Saa nne u nusu karani anasahihisha: kilo 18. Kwa macho ya mashine, sahihisho limetangulia kosa. Hifadhidata ya Cassandra, ambayo hupatanisha maandishi yanayopingana kwa kuchukua lenye saa ya mbele, itabaki na 81, na haitatoa onyo lolote. PostgreSQL na Oracle zina nafuu, kwa kuwa hupanga miamala kwa namba zao za ndani. Lakini hata huko, data ikiharibika na fundi akataka kuirejesha jinsi ilivyokuwa saa sita mchana, atakuta saa sita mbili. Na saa ikirudi nyuma ya usiku wa manane, kazi iliyopangwa kufanyika usiku huo, kama kutoza riba ya mikopo, inaweza kufanyika mara ya pili.

Hata sekunde moja inatosha. Januari 1, 2017, saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, sekunde ya ziada iliongezwa kwenye saa ya dunia. Programu moja ya kampuni ya Cloudflare ya Marekani ilipopiga hesabu ya muda uliopita, ikapata namba iliyo chini ya sifuri, na baadhi ya tovuti za wateja wake zikaacha kupatikana.

Fundi makini huanza kwa kuuliza kama saa yenyewe ndiyo mbovu au ni ukanda wa saa tu uliokosewa. Ukiwa ni ukanda, arekebishe huo na aiache saa. Kosa likiwa la sekunde chache, saa ipunguzwe mwendo hadi wakati halisi uifikie. Ntpd ikipunguza mwendo hivyo, huchukua sekunde 2,000 kufuta sekunde moja. Kosa la saa nzima lingehitaji zaidi ya siku 83.

Kwa kosa kubwa, dawa ni kufunga duka. Wateja wanatolewa kwenye mfumo, kazi za usiku zinasimamishwa, nakala ya akiba inachukuliwa, na saa ya muamala wa mwisho inaandikwa kwenye karatasi. Hifadhidata inazimwa, saa inarudishwa, seva za nakala zinakaguliwa pia. Kisha watu wanangoja. Kama muamala wa mwisho una alama ya saa tano usiku na wakati halisi ni saa mbili, mfumo haufunguliwi hadi saa tano ipite.

Wapo wanaorudisha saa ili malipo ya leo yaonekane ya jana. Huko si kurekebisha, ni kughushi, hata kama nia ni njema. Programu nzuri ya hesabu huwa na nafasi ya kuandika tarehe ya muamala kando na saa ya kuuingiza.

Meneja wa kiwanda au sacco akiombwa na fundi wake saa tatu za kufunga mfumo usiku, ampe. Na kabla hazijaisha, aagize betri mpya.