Kinachobaki Baada ya Semina: Kupima Matokeo ya Stadi za Maisha Bungoma na Kitale

Programu ya stadi za maisha ni mpango wa mafunzo unaokusudia kumjengea mshiriki uwezo wa kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuelewana na wenzake na kuhimili mashinikizo ya maisha ya kila siku, tofauti na mafunzo ya ufundi ambayo humfundisha kazi mahususi kama ushonaji au uashi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilitaja stadi 10 za msingi, na mwaka 2008 Kenya ikaziingiza shuleni kama somo linalojitegemea. Nje ya darasa, katika miji ya Kitale na Bungoma na vijiji vinavyoizunguka, mafunzo hayo hutolewa na mashirika yasiyo ya kiserikali, makanisa na vikundi vya kijamii, ambavyo kila mwaka hutakiwa kuwaeleza wafadhili fedha zao zimeleta mabadiliko gani.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni idadi ya semina zilizofanyika, vijana waliohudhuria na vyeti vilivyotolewa. Wataalamu wa tathmini huyaita hayo mazao ya programu, yaani yale ambayo shirika limeyazalisha kwa bajeti yake lenyewe, na huyatenganisha na matokeo, yaani mabadiliko yanayotokea katika maisha ya mshiriki baada ya kurudi kwao: msichana anayebaki shuleni, mama anayejifungulia kituo cha afya, kijana anayeweka akiba. Rejista ya mahudhurio ni ya lazima, kwa kuwa bila watu kufika hakuna kinachoweza kufuata, lakini haithibitishi lolote zaidi ya kwamba watu walifika.

Hata mabadiliko yenyewe yakishaonekana, swali gumu zaidi huwa bado halijajibiwa, nalo ni iwapo yangetokea hata kama programu isingekuwepo. Kijana wa miaka 16 hukomaa akifikia miaka 18 bila kusaidiwa na shirika lolote, na bei ya mahindi ikipanda, akiba za vikundi vya Kitale huongezeka, awe mwanachama amefundishwa kupanga matumizi au la. Ndiyo maana matokeo halisi ya programu ni tofauti kati ya kilichotokea kwa washiriki na kile ambacho kingewatokea bila programu, na kwa kuwa hali hiyo ya pili haionekani kwa macho, hukadiriwa kwa kutumia kundi linganishi, yaani watu wanaofanana na washiriki katika kila jambo la msingi isipokuwa kwamba hawakupata mafunzo.

Uliokuwa Mkoa wa Magharibi una mfano wa kazi hiyo ambao umesomwa na wachumi duniani kote. Kuanzia mwaka 2003, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, wakishirikiana na shirika la International Child Support, walizigawa kwa bahati nasibu shule za msingi 328 katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias za wakati huo katika mafungu manne: katika fungu la kwanza wanafunzi wa darasa la 6 walipewa sare za bure, katika la pili walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa serikali kuhusu UKIMWI, la tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata lolote. Kugawa kwa bahati nasibu maana yake ni kwamba kila shule ilikuwa na nafasi ya kuangukia fungu lolote, hivyo tofauti iliyojitokeza baadaye isingeweza kuelezwa kwa bidii ya mwalimu mkuu fulani au utajiri wa kata fulani. Baada ya kuwafuatilia vijana hao kwa miaka 7, ilibainika kuwa sare peke yake ilipunguza utoro wa kudumu, mimba na ndoa za mapema miongoni mwa wasichana bila kupunguza maambukizi ya zinaa, ilhali mtaala uliosisitiza kujizuia hadi ndoa haukupunguza mimba wala maambukizi ulipotolewa peke yake.

Sehemu nyingine ya utafiti huohuo, iliyochapishwa na Dupas mwaka 2011, inagusa stadi za maisha kwa karibu zaidi. Katika shule 71 kati ya hizo, wanafunzi wa darasa la 8 walipewa mwaka 2004 kipindi kimoja cha dakika 40 kilichowaonyesha kwamba wanaume wenye umri mkubwa wana kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU kuliko wavulana wa rika lao, kisha wakaachiwa wapime wenyewe, na katika mwaka uliofuata kiwango cha wasichana waliozaa kilipungua kwa asilimia 28 kikilinganishwa na shule ambazo hazikupata kipindi hicho. Kwa kipimo cha mazao, kipindi kimoja ni kitu kidogo mno mbele ya siku kadhaa za mafunzo ya walimu. Kwa kipimo cha matokeo, kipindi hicho ndicho kilichopunguza uzazi wa mapema.

Jambo ambalo mashirika madogo yanapaswa kulitazama kwa makini hapa ni namna watafiti walivyopata majibu yao. Hawakutegemea hojaji inayojazwa siku ya mwisho ya semina, ambapo mshiriki huulizwa kama sasa anajiamini zaidi huku mwezeshaji aliyemlisha chakula cha mchana akiwa amesimama pembeni. Waliuliza kuhusu matukio ambayo jamii nzima huyajua, kama vile nani ameacha masomo, nani ameolewa na nani amepata mtoto, na kwa yale yasiyoonekana walipima damu kutafuta virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, kwa kuwa maelezo ya mtu kuhusu mwenendo wake wa kujamiiana hayaaminiki vya kutosha. Hojaji ya siku ya mwisho ina faida ya kumsaidia mwezeshaji kuboresha kipindi chake, lakini ikiwasilishwa kwa mfadhili kama ushahidi wa maisha yaliyobadilika, inampotosha.

Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, ina mfano wake katika programu ya vyama vya akina mama iliyoanzishwa na AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ya Eldoret na vyuo vikuu vya nje vikiongozwa na Indiana. Wajawazito walikutana mara mbili kwa mwezi chini ya wahudumu wa afya wa kujitolea, wakajadili afya, malezi na mahusiano nyumbani, na kuweka akiba pamoja. Katika jaribio la nasibu lililoanza mwishoni mwa mwaka 2017, maeneo 74 ya wahudumu hao yaligawanywa nusu kwa nusu, kundi linganishi likiendelea kutembelewa nyumbani kama kawaida, na wanawake wa chama walijifungulia vituo vya afya kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa takriban pointi 7 za asilimia.

Umuhimu wa kundi linganishi unaonekana wazi mtu akikumbuka kwamba mwaka huohuo wauguzi wa Kenya waligoma kwa takriban miezi 5, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba. Shirika ambalo lingelinganisha tu uzazi wa mwaka 2018 na ule wa miezi ya mgomo lingejipatia sifa ambazo kwa kiasi kikubwa zilistahili kwenda kwa wauguzi waliorudi kazini.

Shirika la kijamii lenye wafanyakazi watatu haliwezi kuendesha jaribio la ukubwa huo, wala halihitaji. Linaweza, pale ambapo waombaji ni wengi kuliko nafasi, kufanya bahati nasibu hadharani mbele ya wazee wa mtaa ili kuamua nani aanze awamu ya kwanza na nani asubiri ya pili, kisha kuwahoji wote kabla awamu ya pili haijaanza, na hapo litakuwa limepata kundi linganishi bila kumnyima mtu yeyote mafunzo. Maswali kuhusu akiba na kipato yaulizwe katika msimu uleule kila mwaka, kwa sababu mkulima anayehojiwa Mei, mahindi yakiwa bado shambani, na akahojiwa tena Desemba baada ya mavuno, ataonekana ametajirika hata kama hakujifunza chochote. Na waliotoweka watafutwe kwa bidii kuliko waliobaki, kwani aliyeolewa akahamia ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha, au aliyekwenda Nairobi kutafuta kibarua, mara nyingi ndiye ambaye programu ilimshinda, na kumwacha nje ya hesabu ni kuipamba ripoti.

Kazi hiyo ya kufuatilia ina gharama, na ina masharti pia: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Wafadhili wanaodai ushahidi wa matokeo huku bajeti zao zikifungwa siku vyeti vinapotolewa wanadai kisicholipiwa. Kila mkataba wa programu ya stadi za maisha katika kaunti hizi uwe na fungu la fedha la kuwarudia washiriki na wasio washiriki baada ya mwaka mmoja na tena baada ya mitatu, na majibu yasomwe katika baraza la kijiji kilekile yalikochukuliwa, yawe mazuri au mabaya.