Anayesema si mwanasesere

Niliwahi kupanda basi kutoka Rusumo, video ikimwonyesha Mmarekani Jeff Dunham akizungumza na Achmed, mwanasesere wa mifupa mitupu anayeigiza gaidi aliyekufa. Abiria tulicheka. Mzee mwenye kanzu, jirani yangu, hakucheka.

"Mwanangu," akaniambia, "leo mpakani nimepekuliwa mara mbili. Nyinyi mmepita."

Mwaka 2008 huko Afrika Kusini, chombo kilichokuwa kikisimamia matangazo ya biashara kilizuia tangazo la milio ya simu lililomtumia Achmed, kikisema linawaudhi Waislamu.

Msanii huzungumza bila kuchezesha midomo, mwanasesere akaonekana ndiye msemaji. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tumeigizwa lafudhi zetu sokoni. Tunajua kicheko hicho huishia wapi: "Huyu si wa hapa."